Mbuzi wa Mpaka Mlangoni

Watu wa mtaani wakinisikia namwambia muuzaji, "Mpaka mlangoni, bwana, sitaki habari nyingine," hucheka. Waache wacheke. Hawakuwepo mwaka ule wa pili baada ya vita, mbuzi mmoja mweusi aliponikondesha mie Somoe binti Mwinyi, mwanamke niliyekuwa sipiti mlango huu bila kugeuka upande.

Binti yangu Mwanabaraka alijifungua mtoto wa kiume, tukamwita Bakari. Siku ya kumi na mbili homa ikamshika mzazi, na ilipomwachia, kifua kikawa kikavu. Mtoto tukamlisha uji mwepesi kwa kijiko, kijiko kimoja anameza, vitatu anatema. Maziwa ya kopo tangu vita yalikuwaga hayana uhakika, asubuhi yapo dukani, mchana ukienda unaoneshwa rafu tupu. Ya kuchuuzwa nayo nusu yake maji ya kisima. Mkunga akanivuta pembeni akasema, "Bi Somoe, tafuta mbuzi wako mwenyewe, umkamue kwa mkono wako. Na usichelewe."

Sikumwambia mtu. Kwetu sie watu wa pwani, kifua cha mzazi kikikauka hakitangazwi, hata kwa jirani wa kuombana chumvi. Macho ya watu yana mambo. Nikafunga mdomo, nikafunga hela kwenye upindo wa kanga, nikatoka Kinondoni kwa miguu mpaka Temeke kwa mtu mmoja niliyesikia anafuga.

Mtu huyo akiitwa Kornelio. Alikuwa karani wa bandarini, mtu wa Bukoba, kijana mwembamba mwenye kaptura iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Shikamoo yake ilitoka na kupiga goti kidogo, nikampenda papo hapo, na hilo ndilo kosa langu la kwanza. Akanionyesha mbuzi mweusi, jike, tumbo limejaa pande zote mbili.

"Atazaa baada ya wiki mbili, mama," akasema. "Huyu ana maziwa huyu, mama yake nilikuwa namkamua mpaka nachoka. Wa nini?"

"Wa kufuga," nikasema, na nikatazama pengine.

Wiki mbili! Nikakikumbuka kile kijiko cha uji. Lakini nilikuwa nimeshazunguka Ilala yote na Buguruni, mbuzi wa maziwa hakuna. Tukaelewana bei, nikampa hela yake yote, nikamshika mkono kama ada yetu.

"Umeuza?"

"Nimeuza."

"Nami nimenunua."

Kwetu mambo yameisha hapo. Nikaishika kamba nianze safari. Loo! Kijana naye kaishika upande wa pili.

"Kamba haiuzwi, mama."

"Haiuzwi vipi? Mbuzi nitaondoka naye vipi, nimbebe mgongoni?"

"Waitu, mama, usikasirike." Hiyo waitu ndiyo adabu yao ya Kihaya. "Kwetu mnyama huenda, kamba hurudi. Ukitoa kamba umetoa na zizi lako. Hii ilikuwa ya marehemu baba. Nimetoka nayo Bukoba, ikapanda meli ya ziwani, ikapanda treni, mpaka hapa."

Nikaitazama hiyo kamba yenye tiketi ya treni. Ya katani, imechakaa, ina mafundo matatu. Huku kwetu mbuzi huuzwa na kamba yake, nani anakwenda kununua mbuzi na kamba mkononi kama mwizi? Yeye naye alidhani kila mnunuzi anakuja na yake. Basi tumesimama hapo, kila mmoja anamshangaa mwenzake kwa ujinga.

"Nitamleta mwenyewe," akasema mwisho. "Jumamosi nikitoka kazini. Nitamfikisha, nitafungua kamba yangu, nitarudi nayo."

"Utamfikisha wapi?"

"Kwako."

"Kwangu wapi? Kinondoni kubwa."

"Mpaka mlangoni, mama."

"Sema tena."

"Mpaka mlangoni."

Na kwa ukarani wake akatoa karatasi akaandika. Mie nasoma herufi za msahafu tu, za kizungu sizijui, kwa hiyo nikamfanya anisomee mara mbili: mbuzi mmoja, jike, mweusi, afikishwe mlangoni kwa Bi Somoe, Kinondoni. Nikaipindia hiyo karatasi pale zilipokuwa hela. Nikarudi nyumbani nikimwambia Bakari moyoni, vumilia baba, vumilia.

Jumamosi nilifagia uani, nikachimbia kigingi, nikakata majani. Adhuhuri ikapita. Alasiri ikaingia. Mara naona mtu anakuja, kaptura imejaa tope mpaka kiunoni, kiatu kimoja kakishika mkononi, na katika mkono mwingine ana kamba. Kamba tupu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbuzi yuko wapi?"

Kumbe walipofika darajani Msimbazi lori limepiga honi. Mbuzi karuka, kachomoa kichwa kwenye kitanzi, kaingia kwenye matete chini ya bonde. Kornelio kamtafuta saa mbili, kapotezea kiatu kimoja humo, kakipata, mbuzi hakumpata.

"Pole," nikasema. "Pole kwa kupoteza mbuzi wako."

Akanitazama. "Mbuzi wangu? Mama, mbuzi ni wako. Uliuliza 'umeuza,' nikasema nimeuza. Ukasema umenunua. Tangu Jumatano mimi nilikuwa nimekuwekea tu."

"Mpaka mlangoni!" nikapiga kofi kizingiti. "Mlango ni huu. Mbuzi yuko wapi kwenye mlango huu?"

"Kule bandarini kwetu," akaanza, na mikono yake ikawa inapima hewani, "mzigo ukishavuka ukingo wa meli ni wa mnunuzi. Ukizama, umezama wa kwake. Muuzaji kazi yake imeisha."

"Mbuzi wangu hakupanda meli."

"Ndiyo, lakini taratibu..."

"Taratibu ya bandarini ikae bandarini. Wewe uliniambia ukingo wa meli Jumatano? Uliniambia mlango."

Akatafuta jingine. Akainua kamba. "Halafu kamba imerudi mkononi mwangu, mama. Kwetu kamba ikirudi, mnyama ameshakuwa wa mwenzako."

Jamani, nilicheka kwa hasira. Kamba imerudi kwa sababu mbuzi kachoropoka! Nikamwambia hivyo, na mengine ambayo siyarudii, maana leo yule ni kama mwanangu. Tukawa pale barazani, "Mbuzi wako!" "Wako wewe!" kama watu wanaotupiana jongoo. Ndani Bakari akaanza kulia, kale kasauti kake ka kukatikakatika.

Kornelio akageuza shingo. "Mtoto analia, mama."

"Watoto hulia," nikasema. "Nenda katafute mbuzi."

Akaenda. Hilo nampa haki yake. Jumapili alitoka misani akashuka bondeni na suruali yake ya kanisani. Jumatatu kazini, alipotoka akashuka tena. Kila jioni alikuja kunieleza alipofika, na kila jioni tulianza upya, wake, wangu, mlango, meli. Kule ndani kijiko cha uji kikawa kinarudi kimejaa. Mwanabaraka alikuwa haniulizi tena habari za mbuzi, ananitazama tu. Nilikuwa nawaza fisi wa Msimbazi usiku kucha, na asubuhi naamka na hasira maana hasira ndiyo iliyokuwa ikinisimamisha.

Jumanne alasiri tulikuwa barazani mie na Kornelio, tumefika kwenye ukingo wa meli, ndipo akaja jirani yangu Nassibu. Nassibu analima mchicha na bamia bondeni Msimbazi, na siku hizo nne alikuwa msibani Kisarawe. Alikuja na jembe begani na uso uliovimba.

"Bi Somoe, kuna mtu kapoteza mbuzi mweusi? Nimerudi shambani leo nakuta mbuzi kalala juu ya matuta yangu kama yuko kwa mjomba wake. Kazaa mapacha."

Sijui nani alisimama kwanza. Najua tulisema pamoja, mie na karani, kwa sauti moja:

"Mbuzi wangu!"

Nikamgeukia. "Wako? Wewe si sasa hivi umesema wangu, na meli yako?"

"Na wewe si sasa hivi umesema wangu, na mlango wako?"

Nassibu akatutazama huyu na huyu. "Nyie mna kichaa," akasema, akatangulia.

Tulishuka bondeni mbio, mie kanga nimeikaza kiunoni. Na kweli, yule pale, mweusi, mzima, anatafuna, na watoto wawili wanamgombea chuchu, mmoja mweusi kama mama, mmoja na doa jeupe kwenye paji. Kiwele kimejaa. Nilitaka kulia hapo hapo, nikajikaza.

Kornelio akachuchumaa, akamshika mtoto mmoja tumboni kwa kidole. "Kitovu kimekauka. Hawa wamezaliwa Jumamosi usiku au Jumapili. Mimi nilikosea, nilidhani bado wiki mbili." Akasimama, akajifuta mikono, na nikauona ukarani unampanda kichwani. "Mama, umenifundisha wewe mwenyewe siku nne hizi. Mpaka mlangoni mbuzi ni wangu. Nimekubali. Umenishinda. Basi kilichozaliwa kabla ya mlango ni changu. Na karatasi inasema mbuzi mmoja."

Nikaitoa karatasi upindoni nikaikunjua kana kwamba nitaisoma. Mbuzi mmoja. Nilimfanya asome mara mbili, mie mwenyewe, kwa mdomo wangu huu. Siku nne nilipigania mlango, na sasa mlango umenifungia nje.

"Haya," Nassibu akasema, jembe kaliegemea. "Mmemaliza? Maana mie nina swali dogo. Matuta matano ya mchicha yameliwa. Yameliwa na mbuzi wa nani?"

Nikamtazama Kornelio, Kornelio akanitazama.

"Wake," nikasema.

"Wake," akasema yeye, hapo hapo.

Nassibu alicheka mpaka akakaa chini kwenye mchicha uliobaki. Alipopata pumzi akasema, "Anayechukua mapacha ndiye mwenye mchicha. Ukila nyama utafune na mfupa." Kornelio akafikiri, akakubali. Jumapili mbili angekuja kulima na kupanda upya. Nassibu akampa jembe alishike kidogo, aone uzito wake.

Tukapanda kurudi Kinondoni. Kornelio mbele, kabeba mapacha kwapani huku na huku, kamba kaifunga kiunoni kwake, na mbuzi anafuata wanawe akilia njia nzima bila kuvutwa. Mie nyuma. Nilikuwa natembea nahesabu neno moja tu kichwani. Mbuzi asiye na mtoto hatoi maziwa. Wanaofuga wanajua. Akinyang'anywa wanawe siku ya tatu anakaza kiwele, anapiga mateke, wiki moja kimekauka. Nimepigania mbuzi nimepata ngozi na pembe.

Na bado sikusema. Siku nne nimemwita mwongo yule kijana barazani kwangu, sasa nimuombe?

Tukafika. Kornelio akamwingiza mbuzi mpaka miguu yote minne ikapita kizingiti, akahakikisha, maana ndivyo alivyo. Akamfunga kwenye kigingi kwa kipande cha kamba ya minazi nilichompa.

"Nimefikisha, mama."

"Umefikisha," nikasema.

Akawanyanyua mapacha. Mbuzi akalia, akavuta kigingi. Mie nikachukua bakuli, nikachuchumaa, nikashika chuchu. Akanipiga teke, bakuli likaenda ukutani. Nikashika tena. Tone moja halikutoka. Kornelio kasimama mlangoni, hajaondoka.

"Hatatoa, mama. Anawataka wanawe. Subiri siku mbili tatu azoee, ingawa atakuwa ameshapungua sana. Lakini wewe unamfuga tu, atazaa tena mwakani."

Mwakani! Ndipo Mwanabaraka alipotoka chumbani. Alikuwa amesikia yote. Alikuwa kajifunga kanga moja tu na nywele hazijasukwa, na Bakari kamshika mikononi, hakumficha, kamshika kama mtu anayeonyesha kitu. Mtoto alikuwa na macho makubwa na shingo nyembamba kama ya kifaranga. Hakuwa analia. Siku hiyo alikuwa ameacha kulia.

"Mama, mwambie," akasema binti yangu. "Au nitamwambia mie."

Kornelio alimtazama mtoto. Akalitazama bakuli ukutani. Nikaona yanamwingia moja baada ya jingine, mbuzi mwenye mimba, haraka yangu, kale kasauti ka Jumamosi.

"Mama," akasema taratibu, "kwa nini hukuniambia?"

"Ni siri ya nyumba."

"Mimi nimekaa kwenye baraza hii siku nne nakueleza habari za meli."

"Na mie nakujibu," nikasema, na machozi yakanitoka, siwezi kusema uongo, yakanitoka mbele ya mtoto wa watu.

Akawaweka mapacha chini. Wakakimbilia mama yao wakagonga kiwele kwa vichwa, mbuzi akatulia, akageuka kuwanusa. Kornelio akavua kiatu, akachuchumaa upande wa pili, akalitia bakuli katikati ya magoti. Watu wa kwao wanajua. Akawaachia mapacha wanyonye upande mmoja, yeye akakamua upande mwingine, na yale maziwa yakaanza kupiga bakuli, chwi, chwi, mpaka povu likapanda. Nikakimbia jikoni kuchemsha, nikamwaga kidogo kwa haraka.

Bakari alimeza kijiko cha kwanza. Akameza cha pili. Cha tatu akafumbua macho akatutazama kana kwamba anatuuliza tulikuwa wapi siku zote. Mwanabaraka akacheka, akalia, vyote pamoja. Kornelio alikuwa anasugua tope kwenye kaptura yake ambalo lilikuwa halitoki.

Alipoondoka ilikuwa inakaribia magharibi. Nilimsindikiza mpaka nje. Niliporudi, nikaona kamba ya marehemu baba yake imefungwa kigingini, badala ya kile kipande changu cha minazi. Mbuzi na mapacha wote wako hapo. Nikatoka mbio nikamwita, yupo kwenye kona.

"Karani! Umesahau kamba!"

"Kamba haiuzwi, mama," akajibu kwa mbali.

"Ndiyo nakuambia, rudi uichukue!"

"Sijaiuza, nimekuazima," akasema, akakata kona.

Nilisimama pale njiani. Siku nne nilijua kila kitu. Hasara ilipokuja nilisema mbuzi si wangu, na faida ilipokuja nikasema ni wangu, na sikuona aibu mpaka mtu mwingine alipofunga kamba yake kigingini kwangu akaondoka mikono mitupu. Jumapili mbili zilizofuata alikuja kulima matuta ya Nassibu kama alivyoahidi. Nilimpelekea uji na maandazi shambani, na Nassibu akala nusu.

Mwezi wa sita tangu wazaliwe, mapacha waliachishwa. Bakari alikuwa na mashavu, anakaa mwenyewe, anavuta masikio ya mbuzi. Asubuhi moja nikamfunga mgongoni, nikawatia mapacha wote wawili kwenye ile kamba ya katani, huyu kichwa hiki na huyu kichwa hiki, katikati nikaizungusha mkononi mara tatu. Nikashuka Msimbazi. Darajani lori likapiga honi, nikakaza kamba mpaka ikanichubua. Nikapita Ilala, watu wananitania, bibi unauza? Siuzi. Jua likanipiga, kiu ikanishika, sikusimama.

Kornelio aliniona kwa mbali. Akaja mbio kanipokea njiani, shikamoo mama, lete nikusaidie, akanyoosha mkono kwenye kamba.

"Usiguse!" nikamkemea, mpaka Bakari akashtuka mgongoni. "Toa mkono. Ni juu yangu mpaka mlangoni."

Akatoa mkono. Akatembea pembeni yangu hatua kama mia, mpaka kwake. Nikahakikisha miguu yote minane imevuka kizingiti, ndipo nikamwekea kamba ya baba yake kiganjani nikamfunga vidole.

"Nimefikisha," nikasema.

"Umefikisha, mama," akasema, akiyapapasa yale mafundo matatu. Kisha akaniletea maji ya kunywa.